Maswali ya Wasomaji: Mbona Tovuti Nyingine Hazihitaji Mafunzo?

Barua za mwezi huu zimetoka kisiwani, Kisauni, Changamwe na ng'ambo ya Likoni, na karibu zote zazunguka swali moja: mbona programu moja ya simu mtu huishika akaenda nayo, na nyingine yamtoa jasho? Tumejibu saba.

Wateja wafika kikapuni kisha wanipigia simu

*Asalaam aleikum. Nauza leso na madira Biashara Street. Nimetengenezewa tovuti, rangi zake zapendeza na picha zang'aa. Lakini mteja akishachagua leso haendelei mbele. Atakiwa afungue akaunti, atunge neno la siri, ajaze mtaa, nambari ya nyumba na msimbo wa posta. Hapo hunipigia: "Dada, kwani hapa nalipaje?" Kijana aliyeitengeneza asema wateja wangu hawajazoea teknolojia. Ni kweli? (Muuza leso, Mombasa)*

Waaleikum salaam, dada. Si kweli. Wateja hao hao wakija dukani hutoa simu wakakulipa kwenye Till, nambari ya malipo ya duka, bila kumuuliza mtu. M-Pesa nayo ni teknolojia, iko Kenya tangu Machi 2007, na utaratibu wake umeshaingia mikononi: nambari, kiasi, PIN, kisha ujumbe wa kuthibitisha. Jef Raskin, aliyeanzisha mradi wa Macintosh kule Apple, aliandika mwaka 1994 kwamba tunapokisifu kitu kuwa chajieleza chenyewe, huwa twasema tu kwamba chafanana na kitu tulichokwisha kukizoea. Kijana wako amewapa wateja mazoea ya watu wengine.

Mpangilio alioufuata ni wa nchi ambako mzigo huletwa kwa nambari ya nyumba. Hapa msimbo 80100 haumfikishi bodaboda popote. Mwambie aondoe akaunti kabisa kwenye njia ya kununua; anayetaka akaunti ataifungua akishalipa, kwa nambari ile ile ya simu. Mahali pa anwani paweke vitu viwili: orodha ya maeneo unayopeleka, na sanduku moja lililoandikwa juu yake "Karibu na nini?" Mtu atajaza "nyuma ya msikiti, geti la buluu" na mzigo utafika. Akichagua eneo tu, ada ya kupeleka ijumlishwe papo hapo kwenye bei. Ada inayochomoza ukurasa wa mwisho humfanya mnunuzi ahisi ametegwa, na wengi hufunga.

Sanduku la nambari ya simu lilete kibodi ya tarakimu, lisimletee mtu herufi. Likubali 07, 01, 254 na +254, likubali na nafasi katikati, kisha programu yenyewe isafishe. Fomu nyingi za zamani hukataa nambari zinazoanza na 01 kwa kuwa zilitungwa kabla ya nambari hizo kuwako, na mteja huambiwa "nambari si sahihi" ilhali ndiyo anayopigiwa kila siku.

Sasa malipo, ndipo penye balaa kubwa. Mteja akigusa "Lipa", kitufe kibadilike sura ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Jakob Nielsen, mtafiti wa urahisi wa kutumia programu, amelieleza hilo miaka mingi: hadi sekunde 0.1 mtu huona kitu kimetii mkono wake, hadi sekunde 1 huhisi kukawia lakini fikira haikatiki, na ikipita sekunde 10 akili yake imeshakwenda kwingine. Ombi la STK, kile kisanduku cha kuweka PIN kinachojitokeza kwenye simu, huweza kuchukua sekunde kadhaa kutokea. Kama kitufe kimekaa vile vile, mteja atagusa tena, na tena, na huenda akalipa mara mbili. Kwa hivyo kitufe kizimwe, na maandishi yaseme: "Angalia simu yako, weka PIN ya M-Pesa. Tunasubiri."

Majibu ya mfumo wa malipo huja na nambari, na kila nambari yataka maneno yake. Likija 0, pesa zimeingia: mwonyeshe msimbo wa muamala na siku ya kuletewa mzigo. Likija 1, salio halitoshi. Likija 1032, mteja mwenyewe ameghairi. Likija 1037, simu haikupatikana au muda umekwisha bila PIN. Tovuti nyingi huyakusanya matatu haya ya mwisho chini ya "Malipo yameshindikana, jaribu tena", na aliyekosa salio hujaribu tena mpaka achoke. Na mtandao ukikatika kabla ya jibu lolote kufika, mfumo uulize hali ya muamala ule ule kwa CheckoutRequestID yake, yaani kitambulisho cha ombi lile la malipo, kabla ya kufungua kitufe cha kulipa upya. Mulize kijana wako kama amefanya hivyo. Akijikuna kichwa, hajafanya.

Jambo la mwisho, na hili wewe walijua kuliko sisi. Mteja wa leso hachagui rangi pekee, husoma jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso. Picha iliyopigwa kwa mbali yaonyesha mji na pindo, lakini jina halisomeki. Weka picha ya pili ya jina peke yake, kisha liandike jina hilo kwa herufi chini ya picha ili mtu akilitafuta alipate. Na bei iandikwe "doti 1, vipande 2", kwa sababu mgeni wa kutoka bara huenda akadhani ananunua kipande kimoja.

Kitufe kiwe na ukubwa gani?

*Mimi ni mwanafunzi Tudor, natengeneza programu ya kuita tuktuk. Mwenzangu apenda vitufe vidogo, asema vikubwa ni vya kitoto. Kuna kipimo?*

Kipo. Google hutaka eneo la kugusa lisipungue dp 48 kwa 48 kwenye Android, Apple husema pointi 44 kwa 44. Vyote viwili ni vipimo vya skrini visivyobadilika sana kutoka simu moja hadi nyingine. Kwa mkono wako ni kama milimita 7 hadi 10. WCAG 2.2, mwongozo wa kimataifa wa kuwezesha tovuti kutumiwa na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, wa mwaka 2023, wataja pikseli 24 kwa 24, lakini hicho ni kiwango cha chini kabisa, usikifanye lengo.

Mwenzako huenda apigania sura ya alama, na hapo mwaweza kupatana: alama iwe dp 24, kisha iongezewe dp 12 za wazi kila upande. Jicho litaona kidogo, kidole kitapata dp 48 nzima. Makosa ya kawaida ni kuupa mguso ule mchoro peke yake ukasahau hizo pembeni.

Sababu yenyewe ni ya zamani kuliko simu. Mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha mwaka 1954 kwamba muda wa mkono kufikia kitu hutegemea umbali wake na upana wake. Umbali ukizidi maradufu na upana nao ukazidi maradufu, muda haubadiliki. Kidogo kilicho mbali ndicho kibaya zaidi. Mwaka 2013 Steven Hoober, mbunifu wa programu za simu, aliwatazama watu 1,333 wakitumia simu hadharani, na kati ya waliokuwa wakiigusa skrini asilimia 49 walikuwa wameishika kwa mkono mmoja. Abiria wako mkono wa pili una mfuko wa samaki au mtoto. Kitufe cha "Ita tuktuk" kikae chini, kidole gumba kinapofika chenyewe, kijaze upana karibu wote. "Ghairi safari" kisikae ubavuni mwake. Tuktuk ikipita kwenye shimo, kidole hakiendi kilikotumwa.

Saa 3 ipi?

*Tuna ofisi ndogo ya kukata tikiti za basi za Nairobi. Tangu tuanze kukata kwa simu, kila wiki kuna abiria anayekuja basi limeshaondoka, au aliyekata siku isiyo yake. Programu iko kwa Kiswahili kamili. Kosa liko wapi? (Mkata tikiti, Mwembe Tayari)*

Ndugu, kosa liko kwenye saa. Programu yako imefasiriwa maneno, saa ikaachwa ya kizungu. Abiria asomaye "Saa 3:00 usiku" huja saa tatu usiku kama ajuavyo tangu utotoni, ambayo mashine huiita 21:00. Mashine ilikuwa na maana ya saa tisa usiku. Maktaba za tarehe na saa wanazotumia watengenezaji hufasiri majina ya siku na miezi, hazisogezi saa kwa 6. Lazima mtu aandike hesabu hiyo mwenyewe.

Si ngumu. Ndani ya hifadhidata saa ibaki ya mfumo wa 24, isiguswe. Wakati wa kuonyesha, chukua saa ya mfumo, ongeza 6, gawanya kwa 12, shika baki. Baki likiwa 0 andika 12. Saa 7 ya mfumo hutoa 13, baki 1: saa moja. Saa 21 hutoa 27, baki 3: saa tatu. Saa 6 hutoa 12, baki 0: saa kumi na mbili. Kisha ongeza neno la wakati. Alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku yapangwe kwa mazoea ya hapa: 5:00 ni saa 11 alfajiri, 18:00 ni saa 12 jioni.

Lakini msiiondoe saa ya mfumo. Saa ya juu ya skrini ya simu yaonyesha 21:00, na abiria wengine husoma hiyo. Ziandikwe zote mbili kwenye mstari mmoja: "21:00, saa 3 usiku". Mtu atashika aliyoizoea na nyingine itamhakikishia.

Siku nayo ina mtego, na huu ni wa Pwani hasa. Kwa wazee wetu siku huanza jua likitua. Ukimwambia bibi "usiku wa Ijumaa" ataelewa usiku unaofuata Alhamisi mchana. Programu itamwelewa kuwa ni Ijumaa yenyewe baada ya magharibi. Hao wa siku isiyo yao yaelekea wametokea hapo. Basi la usiku liandikwe hivi: "Alhamisi tarehe 12, saa 3 usiku, kuamkia Ijumaa tarehe 13". Ni ndefu, ndiyo. Iandikwe ndefu hivyo hivyo kwenye skrini ya kuhakiki kabla ya PIN, na tena kwenye ujumbe wa tikiti.

"Viatu imeongezwa kikapuni"

*Nafasiri programu ya duka. Mashine yaingiza jina la bidhaa kwenye sentensi, nami napata "Viatu imeongezwa" na "Mkoba imeongezwa". Wakubwa wangu wasema msomaji ataelewa tu.*

Ataelewa, na atajua pia kwamba hakuandikiwa yeye. Kila sentensi yenye kasoro humsimamisha msomaji kidogo, na mtu anayesimama mara kumi huiita programu ngumu bila kujua kwa nini.

Dawa rahisi ni kumpa kitenzi nomino isiyobadilika: "Bidhaa imeongezwa: viatu". Ngeli imekaa, na jina lolote laweza kufuata nukta mbili. Waweza hata kuacha kitenzi: "Kikapuni sasa: viatu, mkoba, leso". Njia ya pili ni kuhifadhi ngeli ya kila bidhaa ili mashine ichague kati ya kimeongezwa, umeongezwa na vimeongezwa. Ni nzuri, lakini yataka mtu wa kuitunza kila bidhaa mpya ikiingia, na baada ya miezi miwili hakuna anayeitunza. Chukua ya kwanza. Kwa idadi omba sentensi mbili daima, ya moja na ya nyingi: "Bidhaa 1 imetumwa", "Bidhaa 4 zimetumwa". Fundi akikuletea moja, mrudishie.

Kuhusu vitufe, tumia amri fupi ya kitendo. "Lipa" yashinda "Wasilisha malipo". Na ujihadhari na kisanduku kinachouliza "Ghairi agizo?" chini yake kikiwa na "Ghairi" na "Sawa". Hapo kughairi ni kughairi agizo au kughairi kughairi? Andika "Futa agizo" na "Liache agizo", hata asiyesoma swali atajua.

"Pakia" na "pakua" pia hutatiza. Mji huu wa bandari wayajua sana kwa meli, na pakua twaijua kwa sufuria ya pilau, lakini mwenye simu hajui meli ni ipi kati ya simu yake na tovuti. "Weka picha" na "Chukua risiti" hayana mjadala.

Nagusa hiki, chafunguka kile

*Nikiwa feri ya Likoni mtandao huwa mdogo. Nasoma habari, nataka kugusa kichwa kimoja, ukurasa waruka, najikuta nimefungua tangazo. Simu yangu mbovu?*

Simu haina kosa. Ukurasa ulianza kuonyesha maandishi kabla ya picha kufika, na haukuacha nafasi yake. Picha ikifika hujisukumia ndani na kila kitu hushuka. Mwenye tovuti angeandika upana na urefu wa kila picha kwenye msimbo wa ukurasa, na matangazo akayatengea kisanduku cha kimo maalumu, kusingeruka kitu. Google huupima mruko huo kwa alama, na alama nzuri haizidi 0.1. Mpaka watakapotengeneza, subiri picha zitulie ndipo uguse.

Vistari vitatu ni nini?

*Mama yangu hajui kuwa vile vistari vitatu vya pembeni vyafunguka. Yeye ndiye wa kulaumiwa?*

La. Alama hiyo ilichorwa na Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981, na bado kuna watu wengi ambao kwao ni pambo tu. Neno "Menyu" likiandikwa chini yake, tatizo lote limekwisha. Ni hivyo hivyo kwa gurudumu la mipangilio, kengele na moyo: alama peke yake huachwa pale tu ambapo kila mtu ameshaijua, kama kioo cha kutafutia. Na ikiwa programu ina sehemu kuu 3 hadi 5, zisifichwe kabisa, ziwekwe wazi chini ya skrini, mojawapo ikiwa "Mwanzo". Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama yenyewe ionekane. Mama akilalamika pia kuwa haoni maandishi, mwongezee ukubwa kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya skrini. Programu itakayokataa kukua imeandikwa vibaya: kwenye Android maandishi hupimwa kwa sp, si dp, ili yatii mipangilio hiyo. Rangi ya maandishi nayo itazamwe: kijivu chenye msimbo wa rangi #999999 juu ya nyeupe kina tofauti ya mwangaza ya 2.85 kwa 1 tu, na kiwango cha WCAG kwa maandishi ya kawaida ni 4.5 kwa 1. #767676 hufikia kwa taabu. Kwa jua la saa saba mchana la hapa, nenda kwenye weusi zaidi.

Nitajuaje kama yangu ni rahisi?

*Nimemaliza programu ya zahanati, ya kupanga miadi. Wenzangu wote wasema nzuri. Nijaribu kwa watu wangapi?*

Watano kwanza. Hesabu ya Nielsen na Thomas Landauer yachukulia kwamba mtu mmoja hufichua wastani wa asilimia 31 ya kasoro. Kwa watu 5 hufika karibu asilimia 85. Kisha tengeneza, na ulete wengine 5. Hesabu hiyo ni ya watu wa namna moja. Kama zahanati yahudumia wajawazito na wazee, kila kundi litafutiwe wake, na wasiwe wenzako wa kazi.

Mpe mtu simu inayofanana na yake, si yako ya gharama. Mweleze haja, usimtajie kitufe. Ukisema "panga miadi", na kitufe kimeandikwa "Panga miadi", umempa jibu. Sema: "Mtoto ana homa, wataka daktari amwone kesho asubuhi." Baada ya hapo nyamaza, na huku ndiko kugumu. Akikuuliza "niguse hapa?" mjibu, "Ungekuwa peke yako ungefanyaje?"

Usimuulize mwisho kama ameipenda. Kwa adabu yetu mgeni hasemi chakula kina chumvi nyingi, atakwambia "nzuri, mashallah" huku dakika mbili nzima alikuwa amepotea kwenye kalenda. Tazama mkono: uliposita juu ya skrini, aliporudi nyuma, alipogusa kitu kisichoguswa. Andika mahali na muda, si maoni. Sehemu walipokwama watatu kati ya watano irekebishwe kabla ya nyingine zote. Aliyekwama mmoja mwandike kando, mpaka watano wengine wapite hapo hapo.